Historia ya Marehemu Zedekiah Ngui na Karatasi ya Kanini

Wazee mliotoka Mwala, majirani wa Uthiru, na nyinyi makarani wa mjini mliovaa tai hata kwenye matope haya, mimi ni Kivuva, mtoto wa dada yake marehemu, na msishangae kwamba mtu aliyeacha shule darasa la tano ndiye amepewa kusoma, kwa maana katika ukoo wetu hakuna sauti inayofika mbali kama yangu, jambo ambalo hata marehemu alilikubali, ila alisema ni kwa sababu ndani ni patupu.

Marehemu Zedekiah Ngui alizaliwa Mwala, wilaya ya Machakos, tarehe 14 Machi 1931, akasoma shule ya misheni hapo hapo mpaka darasa la nane, mwaka 1947, akaja Nairobi Februari 1951, akawa tarishi, na tarehe 1 Julai 1957 akaandikwa karani wa masjala katika kampuni moja ya bima, Government Road, akatunza mafaili miaka ishirini bila kupoteza hata moja, si kama nyinyi mliobaki, mnaopoteza hata miavuli.

Alifunga ndoa na mama yetu Kavata tarehe 12 Desemba 1958, wakajaliwa Kanini, tarehe 3 Juni 1960, na Ndeti, tarehe 20 Agosti 1966. Kanini alifariki kwa surua tarehe 9 Novemba 1965, akazikwa katika makaburi haya haya, na siku hiyo marehemu alishindwa kujaza fomu, ikajazwa na mwenzake wa masjala, Bwana Twahir wa Mombasa, yule pale. Walipewa karatasi yenye nambari ya kaburi, na marehemu akaiweka mahali salama kuliko pote alipopajua, ndani ya faili lake mwenyewe, kazini.

Mliofanya kazi naye mnakumbuka mabishano ya saa saba, chai mkononi, kuhusu watu wa kale waliandikia kwenye kitu gani na kipi kilihifadhi maandishi vizuri. Marehemu alisema jiwe halisahau, lakini halihami, mwenye barua lazima aifuate barua, udongo ulioandikwa, nyumba ikiungua, ndiyo kwanza unakomaa, ila barua ya posa ingebebwa na punda wawili, mafunjo, yale matete ya Misri, ni mepesi, lakini yakionja mvua yanakuwa uji, na ngozi ni nzuri sana, isipokuwa kitabu kimoja kinamaliza zizi zima la mbuzi, kisha mbwa anaingia anakula historia ya taifa. Bwana Twahir akaleta ubao wa chuoni kwao, chuo cha Kurani, wanaoandikia aya kwa wino na kuuosha kabla ya somo jipya, marehemu akamcheka, ubao gani huo wa kuoga kila siku, naye akajigusa paji la uso, "Ubao ni wa kuoshwa, Bwana Ngui, maandishi nshayahamishia hapa." Marehemu akamjibu kwamba kichwa ndicho ghala bovu kuliko yote, hakina nakala, homa moja inafuta kila kitu.

Mwaka 1972 ikaja mashine ya kompyuta, na kadi za matundu, ambazo macho ya binadamu hayasomi, na trei moja ikianguka sakafuni ofisi nzima inapiga magoti siku tatu kuzipanga upya. Amri ilikuwa faili likishatobolewa kwenye kadi lichomwe, na tarehe 16 Februari 1973 marehemu alisimamia moto ule uani, akitia alama moja moja, lake likiwemo. Kadi ya Zedekiah Ngui ilikuwa na tundu la umri na tundu la cheo, haikuwa na tundu la mtoto aliyekufa.

Karatasi aliikumbuka akiwa amefika nyumbani. Huku makaburini msalaba wa mbao ulikuwa umekwisha kuwa kuni, daftari la makaburi la mwaka 1965 limelowa, kurasa zimegandana. Hakumwambia mtu, hata mama Kavata. Kila tarehe 9 Novemba, mlinzi wa hapa ndiye ameniambia, alikuja peke yake akasimama pale langoni, kwa sababu hakujua aelekee wapi.

Machi 1977 koo lilianza kumuuma, akalazwa tarehe 2 Agosti, sauti ikakatika, akawa anaandika kwa penseli nyuma ya kadi zilizoharibika. Jumapili tarehe 18 Septemba alinipa kadi inayoanza, "Udongo umeshinda," nikacheka, nikamwambia basi mimi mfyatua matofali ndiye msomi wa ukoo huu, nikaitia mfukoni nikamwonyeshe Twahir, sikusoma mpaka chini. Alifariki Jumanne tarehe 20, saa nne asubuhi. Jioni ndipo nikasoma, "Karatasi ya Kanini niliichoma mimi. Nizikeni karibu naye. Muulize Twahir, mimi nimeona haya."

Kesho yake sikumaliza swali, Bwana Twahir alifumba macho akatamka kama mtu anayesoma, safu ya saba, kaburi la arobaini na moja, akasema siku ile ya kujaza fomu aliirudia nambari mara tatu kwa mazoea ya chuoni tu, na akafunika uso, "Angeniuliza, Ngui. Angeniuliza tu." Wazee wa Mwala, ndiyo sababu gari mlilolileta kumchukua akazikwe kwenu linarudi tupu, na kwa zile siku mbili kadi ilizolala mfukoni, mlaumuni Kivuva, si mwingine.

Majina yao mawili, la mjomba na la Kanini, nimeyachora kwa msumari kwenye udongo mbichi, nikayachoma katika tanuri letu, na tofali langu, mnalijua, halina mwenzake Nairobi hii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa Uthiru kwa kuni na maji, makarani wenzake kwa penseli na kadi, na Bwana Twahir kwa kichwa chake. Mjomba, kutoka hapo ulipo hadi kwa Kanini ni makaburi matatu, upande wa kulia. Pumzika kwa amani, nambari tunayo.