Siachii Mpaka Nisikie

Sogeeni wanangu, na wewe kifungua mimba toka hapo mlangoni uje ukae karibu na miguu yangu, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mbali. Fungeni dirisha, hao wanaokata vyuma huko nje wana kelele. Mama yao, usilie kwanza. Nitakwambia wakati wa kulia.

Nianze na mali, kwa kuwa ni kidogo na haitatupotezea muda. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka siku yake, na atakayemwuliza habari za kuiuza, huyo si mtoto wangu. Mwiko, timazi na pimamaji, zana zangu za uashi, ni vya mwanangu wa pili, aliyerithi pia mgongo wangu mbovu, pole yake. Ule ufa wa jikoni, ambao nimeahidi kuuziba tangu kitinda mimba hajaota meno, uzibeni ninyi. Saruji iliyomo kifuani mwangu ingetosha, ila ndiyo hivyo, haitoki.

Umebaki huu nilioushika mkononi, ufunguo wa ofisi ya chama chetu cha wajenzi. Najua mlango wenyewe una mnyororo wa serikali, tangu walipotufungia wakisema tunafanya siasa, eti kwa sababu tuliuliza kwa nini jengo lile liliporomoka na wenzetu ndani. Mlango wangeweza kuuvunja wakati wowote. Wanachotaka, mwanangu wa kwanza, ni ufunguo utoke mkononi mwako keshokutwa mbele ya kamera, wewe mtoto wa mwenyekiti, ili waseme wajenzi wameridhia wenyewe, halafu wakukalishe kwenye kiti cha chama chao kipya. Nimeyasikia yote. Naumwa kifua mimi, siumwi masikio.

Wewe hukuwahi kusimama kwenye mstari wa zege. Nilikusomesha ili usisimame, kwa hiyo nisikilize. Siku ya kumwaga zege la ghorofa tunajipanga kwenye ngazi, karai linapanda mkono kwa mkono, na hakuna kupumzika mpaka liishe. Zamani tulikuwa tunarushiana tu, hadi mwenzetu mmoja alipoachia karai kabla aliye juu hajalishika vizuri, likamwangukia seremala aliyekuwa chini akipigilia mbao, na mkono wa yule bwana haukuinuka tena. Ndipo tukawekeana sheria: unauliza "Umeshika?", na huachii mpaka usikie "Nimeshika." Hata likuchane vidole, huachii.

Walipokuja kumkamata mwenyekiti wetu wa kwanza, walimkuta kwenye mstari huohuo. Hakubishana nao. Aligeuka na pingu mikononi, akauliza kwa sauti, "Umeshika?" Na mimi niliyekuwa nyuma yake, mama yenu akiwa na mimba yako wewe kifungua mimba, nikasikia mdomo wangu unajibu kabla sijafikiri. Yeye hakurudi. Hivyo ndivyo ofisi ilivyokuja kwangu, bila kura wala sherehe, na karai lililofuata lilinimwagikia miguuni.

Katibu wangu wa zamani, aliyehamia upande wa serikali na anayepanda gari la bendera siku hizi, atakuja msibani. Mpeni kiti, mpeni maji, msimtolee maneno, aliyonitendea nimeyasamehe. Lakini asishike kipaza sauti, na bendera yao isiguse jeneza. Wanibebe wajenzi, wapokezane kama tulivyozoea.

Ngojeni nivute pumzi.

Mwanangu, sikulazimishi. Una watoto, na najua wamekuahidi na kukutisha kwa mkupuo mmoja. Nakuuliza tu kama tulivyoulizana sisi, na ukijibu ujue kwamba kuupeleka ufunguo huu kwao huwezi tena. Nyosha mkono. Umeshika?

Sijasikia.

Mwanangu, umeshika?

Nani amefungua mlango? Mama yao, nani ametoka? Basi, usiniambie. Msimfuate, wala msimtenge. Siku akirudi mpisheni kwenye mstari, asimame. Inaniuma, wanangu. Inaniuma kuliko hiki kifua.

Mungu awape vifua vyepesi kuliko changu, awape watu wa kusimama nao pembeni, asiwaache mkabeba peke yenu. Radhi zangu mnazo nyote, na huyo aliyetoka anazo, mwambieni. Mkono umekuwa mzito. Mwanangu wa pili, niegemeze.

Nani amegusa vidole vyangu? Mkono huu unanuka rangi... ni wewe, kitinda mimba? Binti yangu, fundi rangi wangu. Hapana, mama, huu ni mzito, watakuja mpaka kwako, watakufuata kazini... Hutoi mkono? Mbishi kama mama yako.

Haya. Umeshika?

Kwa nguvu, mama... sisikii vizuri.

Eeh. Nimesikia. Naachia.