Mazoezi ya Kukata Mtandao

Habari hii niliambiwa kwanza na jirani yangu Josefina: Valeria, dada mmoja wa chuoni, alikuwa anatafuta nyumba yenye umeme aweke kisanduku cha kupima mtandao. Nikakubali. Kilikaa kwangu wiki mbili, nyuma ya kabati, na sikumwambia mtu. Mimi nauza kahawa penye mashine ya kusaga hapa Malangali, na maneno ya wateja wa benchi langu huwa siyaingilii. Jumanne ile mtandao ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Walikuwapo Teodori, dereva wa lori la mahindi, tunayemwita Waziri; Fabiani fundi simu, yaani Betri; na mzee Gaudensi.

— Ni wale watafiti wa chuoni, alianza Waziri. Wanachora ramani ya mtandao wa mkoa mzima. Yule dada alinionyesha kwenye kompyuta pale gesti. Mistari mitupu, kama mizizi ya muhogo.

— Ramani haikati mtandao, alisema Betri.

— Subiri, mshikaji. Ana ramani nyingine ya kuigiza. Anakata mstari mmoja humo ndani, halafu anaangalia nani amekosa mawasiliano. Aliukata wa kwetu nikiona.

— Lini?

— Jana jioni.

Walitazamana.

— Basi yalikuwa mazoezi, alisema mzee Gaudensi. Nimekuwa mgambo mimi. Hatukuwahi kufanya mazoezi bure.

— Tena ujumbe wa hapa kwenda Kate, alisema Waziri, wamechora unapita Dar es Salaam kwanza.

— Kate si hapo tu? aliuliza mzee. Dar unakwenda kufanya nini?

— Kusomwa, alisema Betri, ambaye sasa alikuwa ameshahama upande. Ndiyo maana wanaweka visanduku majumbani. Kisanduku kinasikiliza, Dar wanasoma.

— Kitakuwa kinajua hadi magunia ya mahindi niliyoficha chumbani, alisema mzee.

— Kumbe unayo, mzee? alidakia Waziri. Juzi ulisema yameisha.

— Nyamaza wewe.

— Na aliyekipokea ni mmoja wetu, alisema Waziri. Tukimjua, hapa hakai tena.

Nilipitiliza kumimina, kahawa ikanimwagikia.

— Mama Evans, umeungua? aliniuliza mzee.

— Hapana, baba.

Pembeni alikuwapo Stumai, mgeni kutoka Wampembe, akingoja unga wake.

— Samahanini, kaka zangu, alisema. Kuna aliyemwuliza huyo dada hicho kisanduku kinaandika nini?

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mimi nami sikuwa nimeuliza. Nilikubali tu kwa sababu kumkatalia mtu kunanishinda.

Kesho yake asubuhi nilikichomoa kisanduku, nikamfunga Evans mgongoni, nikaenda gesti. Nilimwambia Valeria kwamba hakirudi kwenye umeme mpaka aje benchini awaeleze wote kinaandika nini. Kilikuwa kwa nani, nilimwambia, hilo nitalisema mwenyewe.