Delmer Mumpower na Udongo wa Kaburi la Mkewe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Garnett, mtoto wa dada yake marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitajitahidi nisipandishe sauti, ingawa siahidi.

Mjomba wetu, Delmer Mumpower, alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika Bonde la Sorrel, hapa milimani Tennessee, mtoto wa tatu wa Arvil na Zettie, na mwaka 1943 serikali kuu ikalitwaa bonde lile kuwa hifadhi, ikawahamisha wazima, wafu ikawaacha palepale, ikaahidi kwamba jamaa zao wataruhusiwa kuwatunza daima. Alisoma hadi darasa la nane, akafanya kazi kiwanda cha mbao, kisha akaendesha basi la shule mpaka alipostaafu mwaka 2003, na nusu yenu mliomo humu kanisani aliwahi kuwatishia kuwashusha njiani kwa utundu wenu.

Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na Oneida, wakajaliwa binti mmoja, Lorena, na Oneida alipofariki mwaka 2011 alizikwa kulekule bondeni. Kila Mei, siku ya kupamba makaburi, mjomba alifanya tunavyofanya sote, alipalilia nyasi zote, akachota udongo kando ya kijito, akalirundikia kaburi likainuka vizuri, akaweka maua ya karatasi, halafu tukala kuku na mkate wa mahindi papo hapo.

Mei 2022 askari mgeni wa hifadhi alimkuta na jembe, akaripoti kwamba kuna mzee anafukua makaburi, na badala ya mtu mmoja huko ofisini kuuliza wenyeji, serikali kuu nzima ikamshtaki mzee wa miaka themanini na nne kwa kuharibu mali ya hifadhi na kunajisi kaburi, kosa la kifungo, na masharti ya dhamana yakamkataza kukanyaga bondeni. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye adabu zake, nisimsingizie, alimwambia, "Mzee, kiri tu, yaishe, uende zako nyumbani." Mjomba akamjibu, "Nikiri kwamba nimemnajisi Oneida? Mwanangu, wewe una mke kweli?"

Basi kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mara wakili anaumwa, mara jaji yuko likizo, mara jalada halionekani, nyasi zikamwotea Oneida, na mjomba kila Jumapili akiniuliza, "Garnett, umepita kule?"

Mapafu yake, yaliyokwisha kuchoshwa na vumbi la mbao, yalishindwa tarehe 11 Februari 2024, na siku tatu baadaye serikali ikaifuta kesi, kwa kuwa mshtakiwa amefariki. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo!

Tunamshukuru Daktari Whitlow na wauguzi wake, majirani waliotuletea kuni na chakula, na madereva wenzake waliobeba jeneza. Serikali nayo tunaishukuru kwa kibali cha kumzika kando ya mkewe, chenye sharti kwamba kaburi lisawazishwe na ardhi. Majembe yako nyuma ya gari la Lorena, tutamrundikia yeye, tutamrundikia na Oneida, na anayetaka kutushtaki aje na karatasi ya kutosha, maana tunakwenda wote.

Mjomba Delmer, lala jirani na mkeo, upumzike kwa amani.