Đàm Khắc Khuê, Aliyekataa Kunyolewa Ugenini

Wafiwa wenzangu, majirani na wazee wa Vân Trạch, mimi Nghiêm Trác, shemeji wa marehemu, nimeombwa na dada yangu Uyển niwasomee maisha ya mumewe.

Marehemu Đàm Khắc Khuê alizaliwa hapa Vân Trạch, mkoa wa Kinh Bắc, mwezi wa tatu mwaka 1752, akafundishwa na baba yake, akafaulu mtihani wa mkoa mwaka 1777, akawa karani katika jumba la mfalme, na mwaka 1779 akamwoa dada yangu, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Dực.

Waasi walipouteka mji mkuu mwaka 1789, mfalme wetu alikimbilia China, nasi tukamfuata, tukidhani ni kwa miezi michache. Wakubwa wa huko walituamuru tunyoe utosi, tusuke mkia wa nywele, tuvae nguo zao. Mfalme alinyoa, kwa kuahidiwa jeshi la kumrudisha, jeshi ambalo halikuja. Marehemu alikataa, akatiwa gerezani Beijing.

Askari jela mmoja alizoea kumchokoza, “We mzee, mfalme wako kashanyoa, unamringia nani?” Naye humjibu, “Yeye alinyoa apewe nchi. Haya, nionyeshe hiyo nchi.”

Huko nje dada yangu aliishiwa chakula, akampeleka Dực akanyolewe ili wapate posho ya mchele, kisha akaenda kumwambia mumewe dirishani. Marehemu akauliza, “Anashiba?”

“Anashiba, baba Dực.”

“Basi mwache. Ila usimlete hapa.”

Dực alifariki kwa ndui mwaka 1795, baba na mwana hawajaonana tena.

Mwaka 1804 marehemu alifunguliwa, tukaruhusiwa kurudi na mifupa ya mfalme, aliyefia huko, nasi tukaifukua ya Dực. Ule mkia wa nywele ulikuwa mzima. Marehemu aliufumua kwa vidole, taratibu, akaufunga fundo kama tufungavyo sisi, akasema, “Heri ningekuita uje, mwanangu. Ningekuita.”

Tulipofika hapa, watoto wa kijiji, kwa kusikia lafudhi yake, walimwita Babu Mchina. Hakuwakemea, aliingia ndani. Ugonjwa wa kifua alioupata gerezani ulimzidi, akafariki tarehe tisa mwezi wa pili mwaka huu wa 1806.

Tunamshukuru tabibu Lương, aliyekuja kila tulipomwita, majirani waliochimba kaburi kwenye mvua, na wafungwa wenzake wachache waliorudi hai.

Shemeji, tunakulaza kando ya Dực. Sasa muda mnao, zungumzeni. Lala salama.