Juu ya Kipandio cha Kumi

Sogeleaneni hapo mlipo, wanangu, kila mmoja atie kidude kimoja cha hiyo waya sikioni, kwa maana haya ya mwanzo ni ya kwenu wawili tu na sitaki mwenye kiwanda ayasikie kabla sijafika kwenye yake. Wewe binti yangu, Fundi, tia la kulia, na wewe mdogo wake, Meneja, cheo ulichojipa mwenyewe siku tuliyonunua kalamu za ofisi, tia la kushoto. Mama yenu ndiye anayenishikia simu hapa kitandani, mkono mmoja simu, mkono mwingine kikombe cha maji. Daktari wa zamu alipita asubuhi, akazitazama karatasi zake, akanitazama mimi, akazirudia karatasi, kisha akaniuliza kama kuna watu ningependa kuzungumza nao leo. Mimi shule niliiacha darasa la sita, nayo haikunililia, lakini swali kama lile hata asiyejua kusoma analisoma. Basi ndiyo nazungumza, na mtu asinikatize, hasa wewe Meneja, najua mdomo unakuwasha.

Kupe wetu, kimashine chetu cha sumaku cha kupanda na kugonga matangi, ameshashika ukutani? Vizuri. Mwacheni chini kabisa, pembeni ya ngazi, tangi namba saba, si namba sita. Mmekwenda hapo mkijua nimewatuma mkafanye onyesho la mwisho kabla mwenye kiwanda hajatia saini ya Kupe kumi na wawili. Sikuwadanganya. Niliwapunguzia tu maelezo.

Nianze na mali, maana ni fupi. Nyumba ni ya mama yenu, na chumba cha mbele msimpangishie mtu bila yeye kutaka, hata mkiona kimekaa bure. Anapenda kukaa pale akishona. Karakana ni yenu wawili, ila meza ya dirishani, yenye mwanga, ni ya Fundi, kwa sababu Kupe alizaliwa juu ya meza ile, kwa mota za wipa za magari mabovu na sumaku za spika zilizoungua, na mimi nilichochangia ni kelele. Nyundo yangu ndogo, ile niliyokuwa nikigongea matangi, ni yako Meneja. Najua ulitegemea pikipiki. Pikipiki mtapanda wote. Nyundo nakupa wewe kwa sababu dada yako kusikiliza anajua tayari, wewe unajua kusema, na kwenye kazi hii ukisema muda wote chuma nacho kinanyamaza. Yule jirani yetu mchomeleaji, aliyecheka mbele ya watu akauliza kama kupe wetu tutamuuzia ng'ombe, nimemsamehe toka moyoni. Akija kununua, msimpunguzie bei.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana ninakotoka na ninakokwenda ni mbali kidogo. Mgonga matangi kama mimi hamtampata tena, na hili nalisema nikiwa na akili zangu zote. Nyundo ikigusa chuma kizima, sauti inarudi imenyooka. Ikigusa chuma kilicholiwa na kutu kwa ndani, sauti inarudi imelegea, kama mlevi anayeitikia salamu. Nilikuwa nikipita nje ya uzio wa kiwanda, mtu akigonga tangi huko ndani, mimi namtajia mlinzi unene wa chuma. Walisema natia chumvi. Natia, sikatai, ila mboga ipo.

Na kutafuta mnunuzi wa Kupe, mnakumbuka, kulinitoa jasho kuliko kupanda tangi lolote. Tulianza na ghorofa, kwa sababu Meneja alituambia ghorofa ndizo zenye kuta nyingi, na kweli kuta zilikuwepo, za saruji, ambazo sumaku haina habari nazo. Tukahamia kiwanda cha maziwa, matangi yanang'aa mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu, nikasimama mbele ya watu kumi na mmoja wenye makoti meupe, nikawatambia kwamba huyu akishika, hata mvute kwa trekta hatoki, nikamweka ukutani, nikaachia mkono. Kupe akaenda moja kwa moja kwenye kidole gumba cha mguu wa mkuu wa uzalishaji. Miaka thelathini nimegonga chuma, nilikuwa sijui kwamba kile chuma cheupe cha maziwa hakishikani na sumaku, maana nyundo haibagui, inagonga chochote. Fundi hakunisemesha wiki nzima. Na siku ile tulipomjaribu Kupe kwenye lori la mafuta, dereva akaondoka naye, tukamfukuza kwa pikipiki mimi nimekumbatia rimoti, Kupe huko ubavuni hana habari, anagonga tu kila hatua, mpaka dereva akaegesha mwenyewe akafungua boneti akidhani injini inakufa. Chekeni tu, naruhusu, ingawa mimi nikicheka kifua kinanidai.

Halafu tukaenda kwa wenye matangi ya chuma hasa. Yale Kupe aliyashika. Wenyewe ndio hawakushikika. Mmoja alinimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, akasema, "Mzee, tangi langu halivuji. Mashine yako ikigundua kwamba linataka kuvuja, si nitakuwa nimenunua matatizo?" Nikanywa chai, nikaondoka. Alikuwa anasema kweli yake.

Aliyetufungulia soko ni Mkaguzi Goti. Nyinyi mnadhani ni yale makaratasi yenye picha aliyoyachapisha Meneja. Hapana. Nilimkuta yule mzee chini ya tangi la maji, amekaa kwenye stuli, goti lake bovu amelinyoosha, fomu ameshaijaza mpaka mstari wa mwisho, na buti zake hazina hata vumbi la ngazi. Nikamuuliza, "Mkaguzi, umepanda saa ngapi?" Akanijibu kwa hasira, "Nimepanda kwa macho, wewe inakuhusu nini?" Nikakaa chini pembeni yake. Baada ya muda akaniuliza, safari hii kwa sauti ya chini kama anayeuliza bei ya dawa ya aibu, "Hicho kidude chako, kinaweza kufika kule juu na mimi nikiwa hapa hapa kwenye stuli?" Pale pale nikajua tumepata. Wenye matangi hawataki kujua, lakini yule anayeweka jina lake chini ya karatasi halali usingizi, na wa namna hiyo wako wengi, wenye magoti, wenye matumbo, wenye kizunguzungu. Alinunua Kupe wa kwanza, akatuletea wenzake, wakafika wanane. Meneja ukanisifu, baba una jicho la biashara. Nikavimba kichwa, nikakuacha uamini.

Mama watoto, nipe maji. Asante.

Jicho la biashara sikuwa nalo, wanangu. Nilimtambua Goti kwa sababu ni mwenzangu.

Baba yenu mkubwa mmemjua kwa picha ya sebuleni. Yeye ndiye aliyenifundisha nyundo. Siku aliyoanguka mnajua aliangukia kazini. Msichokijua ni kwamba tulikuwa kwenye ngazi moja, yeye juu, mimi chini yake kwenye kipandio cha kumi, tunataniana nani atalipia chakula. Kipandio chake kikakatika. Alinipita. Kiatu chake kiligusa bega langu hili la kushoto, kidogo tu, kama mtu anayeomba njia. Tangu siku ile hadithi zote nilizowapigia, za kukaa juu ya paa la tangi nikila mkate miguu ikining'inia, za kufukuzana na nyuki kwenye kipandio cha arobaini, ni za kabla, au hazikutokea. Kipandio cha kumi sijawahi kukivuka tena. Nilikuwa nafika hapo, mikono inagoma. Nashuka, nazunguka nyuma ya tangi wasikoniona, nagonga mkanda wa chini, yaani duara la kwanza la mabamba ya tangi, napiga soga na mlinzi mpaka muda ufanane na wa mtu aliyefika juu, kisha kwenye karatasi, mahali pa mkanda wa juu, naandika, "sauti safi." Miaka kumi na minne.

Fundi, usilie, rimoti haipendi maji.

Mlikuwa mnaninung'unikia kwamba nagawa majaribio ya bure mji mzima, eti baba ana huruma za kijinga. Haikuwa huruma. Nilikuwa na orodha ndani ya soli ya kiatu changu cha kazi, matangi yote niliyoyaandikia uongo, na kila jaribio la bure lilikuwa mimi nampandisha Kupe mahali ambapo nilipaswa kuwa nimepanda mwenyewe. Mengine yalishabomolewa. Mawili tuliyakuta mabovu, yakazibwa, mkapongezwa. Limebaki moja, nalo ndilo mnalolitazama. Karatasi yangu ya namba saba mwenye kiwanda ameitia fremu, imetundikwa nyuma ya kiti chake, na kila mgeni anaonyeshwa, huyu ndiye mzee niliyemwamini kabla hata hajawa na mashine. Ndiyo maana anatununulia kumi na wawili. Nilipomwomba mara tatu tumpandishe Kupe kwenye namba saba, alicheka, akasema, "Hilo uligonga mwenyewe, Mzee, mashine ya nini?" Na mimi, mwenye mdomo wa kumuuzia kiziwi redio, nikacheka naye, nikaaga. Na chini ya tangi hilo kuna mabenchi. Wafunga sabuni wote wanakula mchana hapo, kwa sababu ndiko kwenye kivuli. Sasa ni saa nne, mabenchi ni matupu. Nimeichagua saa nne.

Nakusikia Meneja. Hapana. Asitie saini kwanza. Nimekwambia usinikatize halafu unanikatiza kwa jambo lile lile ambalo mimi mwenyewe nimelifikiria usiku tatu mfululizo. Ukimwacha asaini, utakuwa umerithi kipandio cha kumi pamoja na karakana, nami sitaki kukuachia hicho.

Chomoa waya. Weka simu kwenye spika. Mwite bosi asogee.

Bosi, habari za kazi? Ni mimi. Naam, kifua ni kile kile. Nisamehe sitapamba maneno, pumzi ninayo ya kuhesabu. Ile karatasi iliyo nyuma ya kiti chako, ishushe. Mkanda wa juu wa namba saba sikuugonga. Nilifika kipandio cha kumi, nikaogopa, nikashuka, nikakuandikia uongo kwa mwandiko mzuri. Watoto wangu hawa wamelijua sasa hivi, kama wewe. Ukitaka kukasirika, kasirika na mimi, nipo hapa kitandani siendi popote leo. Ila kabla hujawafukuza, waache wampandishe huyu mdudu mara moja. Sikudai kitu.

Hajawafukuza? Akikasirika, ni haki yake. Fundi, mpandishe, kipandio kwa kipandio. Simu iweke karibu na chuma.

Moja. Mbili. Hapo nilifika. Sauti nzuri, bosi, hiyo sikukudanganya. Tano. Saba... mama watoto, inua kidogo simu. Tisa. Kumi.

Msimamishe kidogo hapo, Fundi. Nataka tu kukaa naye.

Haya. Mwongeze.

Kumi na moja. Kumbe si mbali. Kumi na mbili. Kumi na tano, safi. Kumi na nane. Ishirini, safi, hiyo ni safi ya kweli. Ishirini na mbili...

Simama. Rudi nyuma. Gonga tena. Tena.

Mmesikia? Meneja, mpe dada yako simu, wewe tega sikio lako ukutani, usiseme, sikiliza. Kisha Fundi, msogeze Kupe kushoto kwa kiganja, agonge. Umeisikia tofauti? Hiyo ndiyo. Imelegea. Hapo chuma kimebaki kama cha mkebe. Bosi, punguza mafuta humo leo leo, yashuke chini ya mkanda huo, na mabenchi yahame. Leo, si kesho.

Orodha nimeimaliza. Mama watoto, kile kiatu changu cha kazi kitupe.

Wanangu, sauti inaniishia, nitasema kidogo kidogo. Hata kama hatanunua hata mmoja, msihangaike. Nendeni kwa wanaoogopa. Msiwacheke. Kaeni chini pembeni yao kwanza. Na mkiandika karatasi, andikeni Kupe alipofika, basi, msimpeleke juu kwa kalamu. Mimi nizikeni karibu na kaka yangu, mkono wake wa kulia, nina maneno naye kuhusu kile chakula. Msigombane mbele ya mama yenu. Radhi zangu mnazo, na msigawane, kila mmoja ana zake nzima. Mungu awape mikono isiyogoma, na ikigoma, awape ulimi wa kusema imegoma.

Nani huyo anaongea? Bosi? Amesema nini, sikumpata...

Namba nane. Anauliza namba nane ipoje.

Sijui, bosi. Ile sikuwahi kuigusa. Fundi... mhamishe Kupe. Simu msikate. Nitasikiliza... nitahesabu kimoyomoyo. Anzeni tu.