Evaporeta Kwenye Gari la Mama Mkwe

Ndani ya basi, binti wa kiti cha nyuma aliacha kutazama dirishani pale kijana wa mbele yake alipompakatisha mwanamke aliyeketi naye evaporeta mpya. "Ona dada, hii ndiyo inayopoza hewa garini! Ya zamani imetoboka. Nimeng'oa dashibodi nzima mwenyewe!"

Mwanamke huyo, fundi aliyevaa ovaroli, aliigeuzageuza. "Umejuaje imetoboka?"

"Gesi haikukaa. Nikaipaka maji ya sabuni, ikatoa mapovu kama maziwa yanayochemka!"

"Hongera. Na mipira ya kuzibia maungio?"

"Ya zamani bado mizima."

"Thubutu! Itavuja, na dashibodi utaing'oa tena. Usishuke kituo chako; duka la vipuri liko kituo kinachofuata."

"Nitachelewa, dada. Gari ni la mama mkwe. Anarudi jioni hii, na dashibodi nimeilaza kwenye kochi lake."

Binti alimwonea huruma, na kochi pia.

"Bora akute dashibodi kochini kuliko joto garini!" fundi akasema.

"Humjui yule mama!"

Basi likasimama kituoni kwake. Kijana akaweka mguu mmoja ngazini, evaporeta kifuani.

"Unashuka au hushuki?" konda akauliza, na abiria wakamjibia kwa kelele, nusu hivi, nusu vile.