Maji Yalitoka Jumatatu

Bwana Yesu asifiwe milele, ndugu zangu! Mnivumilie, nimeandika kwenye karatasi, kwa sababu mbele ya watu maneno hunikimbia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Tunakaa hapa katika mtaa wetu uitwao Kenya, kwa wazazi wa mume wangu. Mimba ilipotimia, Jumatatu asubuhi nilikuwa nikifua nguo, maji yakanitoka mpaka miguuni. Uchungu haukuwapo. Nilidhani nimejikojolea! Nikaona haya, nikafua kitenge changu, nikanyamaza.

Jumatano homa ikanishika, na uchungu ukaanza. Kwenye kituo cha afya mkunga aliniuliza, “Mama, maji ilitoka lini?” Mama mkwe alikuwa amesimama palepale. Nikajibu, “Leo.” Ndugu zangu, neno dogo namna hiyo!

Binti yangu akazaliwa. Siku ya tatu, tukiwa nyumbani, akawa analala tu. Majirani walikuja kumwona, na mama mkwe akawaambia, “Huyu mutoto iko mupole! Hata kulia anasikia haya, kama mama yake!” Wakacheka, nami nikacheka. Lakini matiti yaliniuma kwa kujaa. Hakuwa amenyonya tangu asubuhi. Nikamshika nyayo. Baridi! Na ilikuwa Oktoba, joto kali.

Nikaomba moyoni, “Bwana, nifungue kinywa.” Ndipo nikasema mbele ya wote, “Mama, mutoto iko mugonjwa. Maji ilitoka Jumatatu. Nilidanganya.”

Hakunigombeza. Alimweka mtoto kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunika kitenge, akasema, “Twende!” Tukapanda pikipiki.

Mkunga alitueleza kwamba maji yakitoka mapema kabla ya kuzaa, tena mama akiwa na homa, vijidudu vinaweza kumfikia mtoto. Na mtoto mchanga akiugua hivyo, pengine hapati joto. Anapoa, anakataa ziwa. Akatutuma hospitali upesi. Binti yangu alichomwa sindano siku nyingi. Siku ya nne ya sindano akashika ziwa, akavuta kwa nguvu, nikalia machozi. Haleluya!

Namshukuru Mungu, nawashukuru na waganga wa hospitali. Dada zangu wenye mimba, mtumainieni Bwana. Maji yakitoka, hata kidogo, hata bila uchungu, nendeni siku hiyohiyo mkaseme ukweli. Na kama unamwogopa mama mkwe wako, pita kwetu. Wangu amesema atakusindikiza yeye mwenyewe.